Maili ya Kwanza na Maili ya Pili: Neno la Umbali na Maana Yake Katika Mathayo 5:41

1. Swali lenyewe

Mkristo wa mkoa wa Mara hukutana na maneno mawili ya kupimia safari. Akisafiri kutoka Musoma kwenda Bunda, au akikata njia kuelekea Butiama, vibao vya barabarani humhesabia kilomita. Akiingia kanisani na kusikia Mathayo 5:41 ikisomwa katika tafsiri ya Union, ambayo Biblia yake nzima ilitolewa mwaka 1952, husikia habari ya maili. Tena akifungua Biblia Habari Njema, ataona kwamba mahali pa maili pamewekwa kilomita. Ni andiko moja, ni Bwana mmoja anenaye, lakini kipimo ni tofauti.

Wengi wetu tumelipita jambo hili bila kulitazama, tukidhani kwamba ni hesabu tu. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba si hesabu tu. Neno "maili" limesafiri katika lugha nyingi hata kutufikia, na katika safari hiyo limebadilika urefu mara kwa mara. Lakini katika kinywa cha Bwana Yesu neno hili halikutaja urefu peke yake. Lilitaja pia mpaka wa amri ya mtu mwenye nguvu juu ya mtu asiye na nguvu. Mhubiri asipouona mpaka huo, aweza kulitumia andiko hili kuwatwika mzigo wale ambao tayari wana mizigo mizito.

2. Neno na safari yake

Asili ya neno ni Kilatini. Warumi walisema "mille passus", maana yake hatua elfu. Hatua moja ya Kirumi ilihesabiwa mguu uleule ulipokanyaga tena, yaani ilikuwa kama hatua zetu mbili. Hivyo hatua elfu zilifikia karibu mita 1,480. Kipimo hiki kilitoka katika miguu ya watu, na hasa miguu ya askari waendao safarini. Kando ya barabara zao Warumi walisimamisha nguzo za mawe zenye kuonyesha idadi ya maili, na mwaka 20 kabla ya Kristo Kaisari Augusto aliweka mjini Roma nguzo iliyoitwa ya dhahabu, iwe alama ya mwanzo wa njia zote. Barabara, askari na maili vilikwenda pamoja.

Wayunani walilichukua neno hilo wakasema "milion". Katika Agano Jipya lote neno hili limeandikwa mara moja tu, nalo ni katika Mathayo 5:41. Mahali pengine waandishi wa Injili walitumia kipimo cha Kiyunani, "stadion", ambacho ni kama mita 185. Kwa hiyo tukiona tafsiri yetu imetaja maili mahali pengine katika Agano Jipya, tujue kwamba wafasiri wamegeuza stadio kuwa maili kwa ajili ya msomaji. Lakini katika Mathayo 5:41 hawakugeuza. Neno lenyewe la Kirumi ndilo lililoandikwa, nalo lilikuwa neno geni katika Galilaya kama vile askari alivyokuwa mgeni.

Marabi walilipokea pia, wakasema "mil", wakaihesabu kuwa dhiraa 2,000. Kiasi hicho ni sawa na mwendo wa sabato unaotajwa katika Matendo 1:12. Waarabu nao wanasema "mil", na katika vitabu vya sheria ya Kiislamu maili tatu hufanya farsakhi moja, kipimo kilichotoka Uajemi. Kiswahili chetu kimepokea vipimo kadhaa kwa njia ya Kiarabu, kama vile shibiri na dhiraa. Kama na neno hili lingalikuja kwa njia hiyo, pengine leo tungesema "mili". Lakini sisi twasema "maili", na sauti hiyo inatuonyesha kwamba tumelipokea kutoka Kiingereza.

3. Jina moja, urefu mbalimbali

Mwaka 1593 Bunge la Uingereza liliweka maili kuwa futi 5,280, na tangu mapatano ya mwaka 1959 maili hiyo ni mita 1,609 na sehemu kidogo. Lakini mabaharia wana maili yao, mita 1,852. Maili ya Kijerumani ya zamani ilikuwa zaidi ya kilomita saba. Nayo maili ya Kiswidi, "mil", tangu Sweden ilipoingia katika vipimo vya mita mwaka 1889, ni kilomita kumi kamili, na Waswidi huitumia hata leo katika mazungumzo yao.

Jambo hili linatuhusu sisi Walutheri kwa namna ya pekee. Kanisa letu katika Tanzania lilipokea wamisionari kutoka Ujerumani, Sweden na Marekani. Tufikiri njia ya Musoma hadi Butiama, ambayo ni kama kilomita 40. Kwa Mmarekani ni maili 25 hivi. Kwa Mjerumani wa zamani ni maili tano na kitu. Kwa Mswidi ni maili nne. Kwa askari wa Kirumi ingalikuwa maili 27. Njia ni ileile, na neno ni lilelile.

Martin Luther alipotoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, katika Mathayo 5:41 aliandika "Meile". Mkulima wa Saksonia aliyesikia neno hilo aliifikiri maili ya nchi yake, ambayo ilikuwa karibu mara tano ya ile ya Kirumi. Basi agizo la Bwana likawa zito zaidi masikioni mwake. Lakini katika Luka 24:13, ambapo Emau ni stadio 60 kutoka Yerusalemu, Luther hakuliacha neno la Kiyunani wala hakufanya hesabu ya maili. Alichagua "Feldweg", neno la Kijerumani lenye kutaja shamba na njia. Wafasiri wetu wa Union nao, walipofika mahali hapo, waliandika mwendo wa saa mbili. Walimfikiri msomaji ambaye hana gari wala ramani, bali ana miguu na jua.

4. Mbali ya asili na kipimo cha kupokelewa

Ni vema tuangalie jinsi lugha zetu za Afrika zinavyosema habari ya umbali. Kinyarwanda husema "kure", na Kishona cha Zimbabwe, mbali sana kusini, husema "kure" vilevile. Kinyankole husema "hare", Kiganda "wala", Kizulu "kude". Sauti zinapishana kidogo, lakini wataalamu wa lugha za Kibantu huyahesabu maneno haya kuwa ya shina moja la kale lenye maana ya urefu. Wajaluo, ambao lugha yao si ya Kibantu, nao hufanya vivyo hivyo kwa shina lao wenyewe: "bor" ni urefu, na "mabor" ni mbali. Kwa watu wa namna zote mbili, kilicho mbali ni kile ambacho njia yake ni ndefu.

Hapa twaona tofauti iliyo wazi. Neno la kusema "mbali" lugha hizi zimelirithi kwa mababu. Lakini neno la kusema "mbali kiasi gani", kwa idadi, zimelipokea kutoka nje. Si kwamba wazee hawakujua kupima. Walipima kwa mwendo wa siku, kwa mahali pa kulala, kwa jua linapofika. Biblia nayo hupima hivyo mara nyingi: Yakobo na Labani walitengana mwendo wa siku tatu (Mwa. 30:36), na Eliya alikwenda jangwani mwendo wa siku moja (1 Fal. 19:4). Kipimo cha namna hii humtazama mwenye kutembea: ana nguvu gani, ana mzigo gani, ana mtoto mgongoni au hana.

Maili ilikuja na utawala, na mara nyingi ilifanya kazi ya utawala. Katika mapatano ya mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walimwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, na watu wa bara wakajikuta upande mmoja au mwingine wa mstari ambao hawakuuchora. Katika Buganda, mapatano ya mwaka 1900 yaligawa nchi kwa maili za mraba kati ya Kabaka, watu wa ukoo wake na machifu. Tangu hapo neno "mailo" katika Uganda si umbali tena, bali ni aina ya umiliki wa ardhi, na watu wengi waliokuwa wakilima katika ardhi hiyo wakawa wapangaji wa wengine. Katika nchi yetu neno limeachwa katika majina ya mahali, kama Maili Moja ya Kibaha na Maili Sita ya Moshi, ingawa barabara zenyewe sasa zahesabiwa kwa kilomita.

Kilomita nayo ina asili ya kutazamwa. Neno "kilo" latoka katika Kiyunani chenye maana ya elfu. Kumbe maneno yote mawili ni elfu: maili ni elfu ya hatua, kilomita ni elfu ya mita. Lakini hatua ni ya mwanadamu, na mita, ilipowekwa huko Ufaransa katika miaka ya 1790, ilitolewa katika kipimo cha dunia yenyewe, sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta. Kilomita ni ya haki kwa kuwa ni moja kwa watu wote. Walakini haijui uchovu.

5. Maili katika kinywa cha Yesu

Sasa turudi katika andiko. Neno zito katika Mathayo 5:41 si "maili" peke yake. Ni lile tendo la kulazimisha. Kwa Kiyunani ni "angareuo", nalo asili yake ni Uajemi, ambako matarishi wa mfalme waliweza kumtwaa mtu au mnyama kwa ajili ya safari ya serikali. Warumi waliirithi desturi hiyo. Askari au mtumishi wa Kaisari aliweza kumkamata mtu njiani, amchukulie mzigo.

Mara nyingi husemwa mimbarani kwamba sheria ya Kirumi ilimruhusu askari maili moja tu. Yafaa tuseme kwa uangalifu. Haijapatikana sheria isemayo hivyo kwa maneno hayo. Lakini tunao ushahidi kwamba watawala wenyewe walijua kuwa jambo hili huonea watu, wakajaribu kuliwekea kikomo. Huko Sagalasso, mji wa Pisidia ambayo leo ni sehemu ya Uturuki, yamepatikana maandishi ya jiwe kwa Kilatini na Kiyunani, ya mwanzo wa utawala wa Kaisari Tiberio. Ndani yake liwali wa Kirumi anaeleza ni nani awezaye kudai magari na nyumbu wa mji, ni wangapi, na malipo gani yatolewe kwa kila kipimo cha njia. Yaani wakati Yesu alipokuwa hai, kipimo cha umbali kilikuwa kinga ya mnyonge. Kilimwambia mwenye upanga: mpaka hapa, usipite.

Basi maili ya kwanza katika andiko hili ni maili ya shuruti. Hakuna aliyeichagua. Na Yesu hasemi na askari, anasema na aliyekamatwa. Anamwambia kwamba pale amri inapokoma, yeye bado yupo, angali mtu mwenye hiari yake. Katika maili ya kwanza askari ndiye anayeamua. Katika maili ya pili ni mchukuzi. Mzigo ni uleule, njia ni ileile, lakini aliyekuwa mtumwa sasa anatembea kama mwana. Hii ndiyo habari aliyoiandika Luther mwaka 1520 katika kitabu chake juu ya uhuru wa Mkristo: kwamba imani humweka mtu huru kabisa, na upendo humfanya mtumishi wa wote pasipo kulazimishwa.

Neno hilo "angareuo" laonekana tena mahali pawili tu katika Agano Jipya, napo ni pale Simoni Mkirene aliposhurutishwa kuuchukua msalaba (Mt. 27:32, Mk. 15:21). Aliyetoa agizo la maili ya pili alikwenda mwenyewe njia ile, na mtu aliyekamatwa njiani akatembea pamoja naye.

6. Maili katika nchi yetu

Watu wa Afrika Mashariki hawahitaji kufundishwa kwa mbali maana ya kukamatwa na kutwikwa mzigo. Katika vita vya 1914 hadi 1918 majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukuliwa mabegani mwa wapagazi. Mamia ya maelfu ya watu walitwaliwa, na makumi ya maelfu hawakurudi kwao, wakiuawa na njaa, magonjwa na uchovu. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam latoka kwa kikosi hicho cha wachukuzi wa Waingereza. Mara haikuwa mbali na mambo hayo, kwa kuwa pwani za Ziwa Victoria zilikuwa uwanja wa vita hata Mwanza ilipotwaliwa mwezi Julai 1916. Wapagazi wale maili yao haikuwa na mpaka.

Lakini njia za Mara zimeona pia mwendo wa namna nyingine. Mwaka 1934 mtoto wa Butiama, Julius Nyerere, alipelekwa shule ya Mwisenge mjini Musoma. Miaka 33 baadaye, mwezi Oktoba 1967, akiwa Rais, alitoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza kwenye mkutano mkuu wa TANU, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Hakuna aliyemshurutisha, gari lilikuwapo. Alitembea kwa kuwa watu walikuwa wakitembea. Hatuweki mwendo huo sawa na agizo la Injili, lakini unatusaidia kuona tofauti: kutembea kwa sababu umekamatwa ni jambo moja, na kutembea kwa sababu umeamua ni jambo jingine, hata kama kilomita ni zilezile. Mtu huyohuyo baadaye alizitia Injili katika utenzi wa Kiswahili, na kazi hiyo ikachapishwa na Wabenediktini mwaka 1996.

7. Mambo matatu kwa mhubiri na mfasiri

Kwanza, kuhusu tafsiri. Mjini Musoma imefanyika kazi ya kuyatia Maandiko katika lugha kadhaa za mkoa kwa pamoja, zikiwamo Kijita, Kizanaki na Kiikizu. Kila kundi la wafasiri hukutana na swali hili: tuandike maili, tuandike kilomita, au tuandike mwendo? Kwetu sisi, neno lolote kati ya hayo laweza kufaa kwa sharti moja, kwamba msomaji aelewe kuwa umbali wa kwanza una kikomo kilichowekwa, na wa pili ni sawa na ule wa kwanza. Anayeandika kilomita amepunguza karibu nusu kilomita ya maili ya Kirumi, na hilo si dhambi. Anayepoteza habari ya kulazimishwa amepoteza andiko.

Pili, mahali ambapo idadi yenyewe ina maana, tusigeuze kwa haraka. Mji mtakatifu katika Ufunuo 21:16 una stadio 12,000. Kumi na mbili ni idadi ya kabila na ya mitume. Tukihesabu kwa kilomita tutapata zaidi ya 2,200, hesabu iliyo sahihi, lakini ushuhuda umenyamaza. Hapo yafaa idadi ibaki katika andiko, na kipimo kielezwe pembeni.

Tatu, nalo ndilo kubwa, ni kuhusu mahubiri. Katika sharika zetu husikika wito wa kwenda maili ya pili wakati wa michango, wakati wa ujenzi, wakati wa kazi za kujitolea. Wito huo waweza kuwa mwema. Lakini tuulize: anayeutoa amesimama mahali pa nani? Mama wa kijiji karibu na Bunda aliyechota maji alfajiri, akalima, akapika, kisha akaja kufagia kanisa, amekwisha kwenda maili nyingi ambazo hakuzichagua. Kiongozi akimwambia aende ya pili, hasemi kama Bwana Yesu asemavyo. Anasema kama askari anayesogeza nguzo ya maili mbele ili safari isiishe. Mithali 11:1 inatuambia kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na kipimo cha njia nacho chaweza kuwa cha hadaa. Maili ya pili ikiamriwa na mwenye nguvu imekuwa maili ya kwanza tena.

Hivyo basi, kazi ya mchungaji ni ya namna mbili. Kwa aliyelemewa, amtangazie kwamba yuko huru katika Kristo hata chini ya mzigo, na kwamba hiari yake haiwezi kutwaliwa. Kwa mwenye nguvu, awe wa serikali, wa nyumba au wa kanisa, amwonyeshe nguzo ya maili na kumwambia kwamba amri yake inaishia hapo. Na mchungaji mwenyewe, atakapotaka kuwaalika watu katika maili ya pili, aanze kwa kuuliza ni mzigo wa nani ulioko njiani, kisha auinue.